Kalenda ya Mkorosho

Mwalimu wetu wa Sayansi alikuwa ananusa kila kitu. Ukimpelekea daftari asahihishe, alilinusa kwanza. Chaki mpya aliinusa. Mvua ya kwanza ikidondoka kwenye vumbi jekundu la Newala, alisimamisha kipindi, akaenda dirishani, akavuta pumzi kama mtu anayesoma barua aliyoisubiri sana, kisha akarudi ubaoni na kuendelea pale pale alipoachia, katikati ya neno.

Sisi tulimwita Pua. Tulidhani ni siri. Siku moja akatupa jaribio la ghafla, na swali la kwanza lilikuwa hili: "Taja milango mitano ya fahamu. Mmoja ni mimi."

Darasa zima tulikosa pa kutazama.

Jina lake sitalitaja. Na mimi mwenyewe si mtu wa kujisifia kujuana na watu. Ni mtu wa nyumbani. Nina mashine ya fotokopi barazani, kiti cha plastiki, na majirani wanaoniambia habari za dunia bila mimi kuinuka. Kidato cha nne nilimaliza na matokeo ambayo mama yangu aliyakunja mara nne na kuyaweka chini ya godoro, yasije yakapigwa na upepo yakasomwa na watu. Kitu nilichokuwa nacho ni mwandiko. Nina mwandiko mzuri, hata adui yangu atakwambia. Bahati mbaya wasahihishaji wa mitihani hawatoi alama ya mwandiko. Safari zangu ndefu maishani ni mbili tu, zote mbili kwa ajili ya huyu Mwalimu, na sina ya kujivunia hata moja.

Alikuwa anafundisha sayansi zote tatu, kwa sababu walimu wengine waliletwa, wakaona shida ya maji ya huku juu, wakaugua ghafla ugonjwa wa kuhamishwa. Yeye alibaki na suti yake ya Kaunda ya rangi ya majivu, yenye ukungu wa njano kwenye kola. Ule ukungu ulikuwa salfa. Alikuwa na mikorosho yake, na kila msimu wa kupuliza dawa alikuja shuleni akinukia kiberiti.

Hapo ndipo ungemkamata kwa kigeugeu, kama ungethubutu. Darasani alitufundisha mapafu kwa wiki mbili nzima. Alichora vile vifuko vya hewa mpaka tukavihurumia. "Ukipuliza salfa bila kitambaa mdomoni," alisema, "unajipulizia wewe, si mkorosho." Jumamosi tukapita shambani kwake, tukamkuta na mashine mgongoni, wingu la njano limemfunika, mdomo wazi.

"Mwalimu! Kitambaa!"

Akazima mashine. "Nilikuwa naimba," akasema. "Mtu haimbi na kitambaa."

Usemi wake mkubwa ulikuwa: kitu kwanza, jina baadaye. Hakutaka utamke "wanga" kabla hujauona. Alituambia tuje na ming'oko kutoka nyumbani, vile viazi vya porini tunavyochemsha huku kwetu, naye akaja na kichupa cha iodini alichoomba zahanati. Tone moja, na mng'oko mweupe ukawa bluu ya kukaribia nyeusi. Tukapiga kelele kama tumeona jini. Mwenzetu mmoja alikuja mikono mitupu, akasema wake ameula njiani.

"Ushahidi umeliwa," Mwalimu akaandika kwenye daftari lake, kwa sauti. "Mtuhumiwa ameshiba."

Safari nyingine alitupeleka ukingoni, pale ardhi inapokatika na unaona bonde lote chini, bluu kwa mbali. Maji ya bombani yanatoka huko chini. Akauliza nani anayapandisha mpaka huku kwetu.

"Serikali, Mwalimu."

"Serikali ina kanieneo gani?"

Tukatazamana, maana hatukujua bado kuwa ndiyo nguvu inayosukuma maji.

"Basi tujue kwanza kanieneo, halafu tutajua serikali."

Nakumbuka pia kibao. Shuleni kwetu palikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Ukisema neno lisilo la Kiingereza ndani ya darasa, unavalishwa shingoni mpaka umkamate mwingine. Nilikuwa kidato cha kwanza. Mwalimu akaomba mfano wa kitu kilichochachuka, nami, kwa ujinga wa mtu aliyefurahi kujua jibu kwa mara ya kwanza, nikaruka: "Uraka, sir!"

Kwa asiyejua: korosho haioti peke yake, inaning'inia chini ya tunda liitwalo bibo. Mabibo ukiyakamua na kuyaacha maji yake yachachuke, unapata uraka, na uraka unalewesha. Mama yangu alikuwa anautengeneza na kuuza. Ndoo zake zilijulikana mpaka Makote. Darasa lote lilijua.

"Uraka!" mmoja akarudia kwa sauti ya mlevi. "Profesa wa uraka ni mama yake!"

Walicheka mpaka wakagonga madawati. Mwalimu, kwa kufuata sheria, akanivalisha kibao. Nilikivaa siku mbili, kwa sababu sikufungua mdomo tena kumkamata mtu.

Wiki mbili baadaye, yeye mwenyewe, katikati ya Kiingereza chake kirefu, akateleza akasema "uraka". Darasa likakodoa macho. Akatembea mpaka kwenye msumari, akakitungua kibao, akajivalisha. Akafundisha nacho. Kengele ikalia akasahau kukivua, akaenda nacho msikitini, na inasemekana aliambiwa na mtu wa mstari wa nyuma. Watu walicheka wiki nzima, naye alicheka zaidi yao.

Alikuwa Mwislamu wa swala tano, na uraka hajauonja maisha yake yote. Lakini pua yake! Akipita uani kwetu msimu wa mabibo, alisimama nje ya ua kwa adabu. "Hodi, Mama Skola."

"Karibu, Mwalimu."

"Hii ya kushoto ni ya jana. Ile ya nyuma ni ya juzi, na umechelewa kuichuja."

Mama akacheka mpaka akakaa chini. "Nikumiminie kidogo, Mwalimu?"

"Mimi namalizia puani, mama."

"Wateja wote wangekuwa hivi ningekufa njaa," mama akasema. "Huyu analewa bure."

Mama Skola. Huku kwetu, mwanamke akishapata mtoto wa kwanza, jina lake linaenda kupumzika. Skola ni mimi, Skolastika, jina nililopewa kanisani. Kwa hiyo kila mtu aliyemwita mama yangu, aliniita na mimi humo humo. Msomaji alishike hilo, maana ndilo lililoniponza.

Sasa nije kwenye kazi yake kubwa.

Kila mwalimu hutayarisha azimio la kazi: karatasi inayosema wiki hii mada hii, wiki ile mada ile, mwaka mzima. Wengi hunakili mfuatano wa kitabu. Mwalimu wetu alikuwa na ugomvi na huo mfuatano.

"Kitabu kinataka nifundishe uchachukaji mwezi wa tatu," alilalamika. "Mwezi wa tatu bibo liko wapi? Nimwonyeshe mtoto picha, ameze mate?"

Kwa miaka miwili aliandika azimio lake mwenyewe kwenye kaunta buku lenye jalada gumu. Ukurasa wa kwanza alichora mkorosho wenye matawi kumi na mawili, kila tawi mwezi. Mvua za mwanzo wa mwaka, udongo na kuota kwa mbegu. Wakati wa kupuliza salfa, hewa na mapafu. Mikorosho ikitoa maua, nyuki na uchavushaji. Maji yakiadimika, kanieneo, pale ukingoni. Wakati wa kubangua korosho, yale mafuta ya ganda yanayobabua vidole, ndipo kemia ya vitu vinavyounguza. Na mwezi wa kumi, mabibo. Aliliita Kalenda ya Mkorosho. Mada zote za mhtasari zilikuwemo, hakuacha hata moja. Alizihamisha tu zikakutane na vitu vyake. Aliliandika kwa Kiswahili, ingawa sayansi sekondari ni Kiingereza, kwa sababu, alisema, hili ni la walimu kuelewana, si la mtu kujibia mtihani.

Habari zikawafikia wakubwa wa elimu. Wakamwita aje Masasi alisome mbele ya walimu wa sayansi wa shule kadhaa. Likikubalika, shule hizo zingeanza kulijaribu mwezi wa kumi wa mwaka ule ule. Sijawahi kumwona mtu mzima amefurahi vile. Alikuwa ananusa hewa tupu.

Tatizo lake lilikuwa mwandiko. Aliandika kama kuku aliyekanyaga wino akakimbizwa. Kwa hiyo akaniita mimi, kidato cha tatu wakati huo, akanipa kaunta buku na rundo la karatasi safi.

"Mwandiko," ndivyo alivyoniita siku zote, "nipe nakala safi. Wiki moja yakutosha?"

"Inatosha, Mwalimu. Utapitia kabla?"

"Sikukagui. Kumkagua mtu mwenye mwandiko huu ni kumtukana."

Nilikaa mezani nyumbani, nikanakili kwa moyo safi. Nilinakili miezi tisa neno kwa neno. Jumamosi nikafika mwezi wa kumi, nikasoma:

"Mada: Uchachukaji. Zana: mabibo, ndoo, kitambaa cha kuchujia. Mahali: uani kwa Mama Skola. Mtaalamu mwalikwa: Mama Skola. Kipimo: sikio."

Chini yake palikuwa na mistari mingine iliyosongamana, maelezo ya mama kama alivyomhoji. Sikuisoma. Macho yalikwama kwenye jina. Nje, mama alikuwa anasugua ndoo zake kwa mchanga, anaimba wimbo wa kanisani, kwa sababu Mwalimu alishakuja kumwomba rasmi, akiwa amevaa koti juu ya suti, naye alishakubali.

Mimi nikaona kikao cha Masasi. Nikaona watu wenye miwani. Nikamwona mmoja anainua kichwa na kuuliza: "Skola yupi huyo?" Na wote wanageuka kunitazama, maana nilikuwa miongoni mwa wanafunzi wanne tuliochaguliwa kwenda kuonyesha jaribio la iodini. Binti wa muuza uraka. Kicheko cha kidato cha kwanza, safari hii kikiwa na tai.

Basi nikaandika: "Zana: zabibu, chupa, mpira wa kuzibia. Mahali: maabara." Mtaalamu mwalikwa nikamwacha nje. Nilivitoa kitabuni.

Kumbe uongo mmoja unaomba wenzake. Zabibu zilionekana kituko katikati ya ming'oko na salfa; mtu angeshtuka. Nikarudi nyuma kuzitafutia ndugu. Ming'oko nikaifanya viazi ulaya. Salfa ikawa moshi wa viwandani. Ukingo wetu na bonde lake ukawa mnara wa maji. Mafuta ya ganda la korosho nikayafuta, nikaweka asidi ya betri. Mpaka Jumapili jioni nilikuwa nimeukata mkorosho wote, tawi kwa tawi, kwa mwandiko mzuri ajabu. Nikaacha ule mchoro tu, kwa sababu ulikuwa mchoro.

Jumatatu nikampa. Akazinusa karatasi.

"Zinanukia vizuri," akasema, akaziweka kwenye bahasha.

Masasi tulikwenda kwa gari la kuazima, yeye, matroni na sisi wanne. Hiyo ndiyo safari yangu ndefu ya kwanza. Nilimwomba Mungu asisome kwa sauti. Akasoma kwa sauti.

Mwezi wa kwanza alianza kwa kujiamini, macho kwa watu zaidi kuliko kwenye karatasi. Akafika kwenye "mfano: moshi wa viwandani", akasita, akarudi nyuma mstari mmoja kama mtu aliyekosea mlango. Akaendelea. Viazi ulaya. Mnara wa maji. Sauti ikaanza kupungua. Alipofika zabibu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa, akasoma "zabibu" vile vile ilivyoandikwa. Hakunitazama. Mpaka leo najiuliza ningefanya nini kama angenitazama.

Akamaliza. Mwenyekiti wa kikao, mama mmoja mtaratibu, akafungua mikono.

"Mwalimu, ahsante. Lakini hiki si kitabu kile kile, umekivuruga mfuatano tu? Sisi tuliambiwa una kitu cha kwenu."

"Ni kweli, mheshimiwa."

"Sasa cha kwenu kiko wapi?"

Wote wakamngoja. Kile cha kwetu kilikuwa kichwani mwake, chote, angeweza kukimwaga pale bila karatasi. Alifungua mdomo. Kisha akaufunga.

"Samahani," akasema. "Nimekosea."

Mwingine akanong'ona, si kwa siri sana, kwamba wazee wa huku juu wanapenda sifa. Wakapita kwenye ajenda nyingine. Jaribio letu la iodini halikuitwa.

Njiani kurudi, gari likaanza kupanda. Ndipo akaniuliza, anatazama nje:

"Mwandiko. Zabibu zinalimwa wapi?"

"Dodoma, Mwalimu."

"Ahaa," akasema. "Mbali."

Hakunichapa, hakuniita ofisini, hakumwambia mkuu wa shule. Alichofanya ni kwamba hakunipa tena kitu cha kunakili. Mitihani, matangazo, orodha za vifaa, vyote akaanza kuandika mwenyewe kwa ule mwandiko wa kuku, na darasa likalalamika halisomi, nami nikakaa na kalamu yangu nzuri.

Ya mama ni mabaya zaidi.

Mwezi wa kumi ulifika. Mama alifagia uani siku tatu mfululizo. Alishona gauni. Aliazima mabenchi manne ya kanisa ili watoto wa watu wasikae chini. Alinunua vikombe vya plastiki, si vya kunywea, alinihakikishia, vya kunusia tu, kama Mwalimu. Mwanamke aliyeishia darasa la nne alikuwa anajiandaa kufundisha sekondari. Mwalimu angeweza kuwaleta tu, darasa lake ni lake. Hakuwaleta. Nadhani aliona nisivyotaka, akaniachia.

"Mbona hawaji?" mama akaniuliza.

"Wakubwa wamekataa, mama."

Alikuwa ameshika ufagio. "Wamekataa nini? Uraka, au mimi?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa mtu pekee Newala nzima mwenye jibu.

"Sijui," nikasema. "Si unawajua wakubwa."

Mabenchi aliyarudisha mwenyewe, moja moja, kichwani. Nilijitolea kumsaidia, akasema hapana, wewe soma.

Alifariki, miaka kadhaa sasa, bila kuuliza tena. Mimi nikanunua mashine ya fotokopi. Majirani hunisifu kwamba nakala zangu ni safi. Najibu ni mashine, mashine haijui kuona aibu, wanadhani natania.

Mwaka huu mwanangu Rehema, yuko kidato cha pili, alirudi kutoka shule na kazi. Siku hizi mtaala umebadilika, wanatakiwa kutafuta sayansi kwenye mazingira yao. Wakubwa wameligundua, kama unavyoona. Mwalimu wao, kijana, amewaambia kila mmoja alete jinsi kitu kinavyochachushwa nyumbani kwao.

"Mama, nimewaambia nitaleta uraka wa bibi," akasema, kifua mbele, kama anayesema bibi yake alikuwa rubani. "Nimeambiwa bibi alikuwa hatari. Alikuwa anajuaje kama umeiva?"

"Alikuwa anaweka sikio kwenye ndoo."

"Anasikia nini?"

Nikafungua mdomo. Nilimwona mama ameinama, shavu kwenye plastiki, macho amefumba. Nilimwona maelfu ya mara, na kila mara nilipita haraka nisije nikaonekana naye.

"Sijui."

"Hukumuuliza?"

"Sikumuuliza."

Rehema alinitazama vile watoto wanavyotazama kitu kilichovunjika kabla hawajaambiwa ni nani aliyekivunja. "Sasa nani anajua?"

Duniani alibaki mmoja. Alikuwa amestaafu, amehamia Lupaso kwa watu wa mkewe. Siku mbili nilitafuta sababu za kutokwenda, na mtu wa nyumbani hakosi sababu. Hata kuku wangu walihesabika. Siku ya tatu nikapanda basi la Masasi, na kutoka hapo bodaboda.

Nilimkuta kibarazani, suti ile ile au mdogo wake. Macho yote mawili yameota ukungu mweupe. Anakohoa kikohozi kikavu, kirefu, nikakumbuka wingu la njano na mtu anayeimba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani huyo?" Pua ikainuka. "Ngoja. Wino. Karatasi zilizopata moto. Wewe unatoa fotokopi."

"Ndiyo, Mwalimu. Ni Skola."

Akavuta pumzi tena puani. Halafu, taratibu: "Mwandiko."

Mkewe akaleta chai. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Newala, yakaniishia yote. Nikamwambia kama yalivyokuwa: jina, ndoo, zabibu, watu wenye miwani, jinsi nilivyoogopa mtu atauliza Skola yupi huyo. Nikamwambia mabenchi. Nikamwambia nilimwachia mama aende kaburini akidhani waliomkataa ni watu wa Masasi, kumbe aliyemkataa alikuwa anakula ugali wake.

"Kwa nini hukusema pale?" nikamuuliza. "Ulikuwa nayo yote kichwani."

"Ningesema si maneno yangu, wangeuliza ni ya nani." Akapapasa kikombe mpaka akakipata. "Na mimi ndiye niliyekuvalisha kibao. Nililifikiria hilo miaka mingi. Nilipojivalisha mimi, watu walicheka na mimi. Ulipovaa wewe, walimcheka mama yako, nami nikaendelea na kipindi."

Alikuwa ananipa pa kujificha. Nilitamani kupachukua, pangenitosha kabisa, mimi si mnene.

"Kibao hakikushika kalamu, Mwalimu," nikasema.

Hakubisha. Angebisha ningeshukuru. Akamwita mkewe, akamwagiza sanduku la bati, na kutoka chini ya nguo akatoa kaunta buku, jalada limeliwa pembe na mchwa. Akalinusa, akanikabidhi.

"Mwezi wa kumi," akasema. "Kalamu unayo?"

Nilifungua. Mwandiko wa kuku. Nikaanza kunakili kwenye daftari la Rehema, na safari hii nikafika kwenye ile mistari iliyosongamana ambayo sikuisoma. Sikumbuki chai iliisha saa ngapi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mwalimu."

"Nisomee."

Mtu ambaye hakuwahi kunikagua. Macho yake hayangeweza tena, kwa hiyo alitega sikio, kichwa amekiinamisha upande, vile vile kama mama kwenye ndoo. Nikasoma.

"Mama Skola asema: Siku ya kwanza weka sikio, utasikia mvua ya mbali. Siku ya pili mvua iko juu ya bati. Ikikatika, chuja, umeiva. Ukingoja zaidi unapata siki na majuto." Nikashuka mstari. "Pembeni umeandika: Ameomba Skola akae benchi la mbele, asikie vizuri."

"Ndivyo alivyosema," akasema Mwalimu. "Anza juu. Umeruka juu."

Nilikuwa nimeruka, kweli. Nilidhani hataona.

"Mada: Uchachukaji. Zana: mabibo, ndoo, kitambaa cha kuchujia. Mahali: uani kwa Mama Skola." Nikasogeza kidole. "Mtaalamu mwalikwa: Mama Skola."

Akaugeuza uso wake wenye macho meupe upande wangu, na pembeni mwa mdomo nikaona ule utani wa zamani, wa Pua.

"Skola yupi huyo?"

"Huyu hapa, Mwalimu," nikasema.